Twiga Wasio na Jina

Binamu yangu huwa hapigi simu. Hutuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, na nyuma yake unasikia jogoo, pikipiki na mama mboga wakishindana. Kwa hivyo usiku mmoja wa Agosti mwaka jana, simu ilipolia saa tano na nikaona jina lake, nilikaa kitako kwanza. Nikadhani ni msiba.

"Bro, nimepata kazi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu mmoja alikuwa ameona michoro yake mtandaoni, akaipenda, akamtumia ujumbe. Anatengeneza kitabu cha watoto. Anataka michoro 24, kila mmoja shilingi 2,500. Piga hesabu: 60,000. Binamu yangu anaishi kwenye chumba kimoja hapa Machakos mjini, dirisha linaangalia vilima vya Iveti, na wakati huo alikuwa na deni la kodi la miezi miwili. Kwake yeye, 60,000 si pesa ya kufikiria mara mbili.

Lakini pamoja na ule ujumbe zilikuja picha sita za mfano. Watoto wenye macho makubwa kama visahani, mashavu yanayong'aa kama plastiki, nywele laini zinazopeperushwa na upepo usiojulikana unatoka wapi. Chini yake maneno matatu: "Ifanane na hizi."

Sasa, mnapaswa kujua binamu yangu anachora vipi. Anatumia wino mweusi, mzito, na brashi ambayo imechakaa hadi ncha imegawanyika. Watu wake wana visigino vikubwa. Wanawake wake wana shingo nene, kwa sababu alikua akiwaona shangazi zetu wakibeba maji mgongoni, mkanda ukiwa umekaza kwenye paji la uso. Mbuzi wake wana sura ya watu wanaodaiwa. Ukiona mchoro wake huhitaji kutafuta sahihi pembeni.

"Kama walitaka hizo," akaniuliza, "mbona wakaniita mimi?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake tulikutana kwenye kibanda fulani mjini, tukaagiza muthokoi, na bado sikuwa na jibu. Mimi si mtaalamu wa sanaa. Chuo niliacha mwaka wa pili. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu moja ya babu yetu, umau kama tunavyomwita kwa Kikamba, na twiga wake. Nikamsimulia. Kisha nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, maana niligundua kwamba swali la binamu yangu lina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na kwamba liliulizwa hapa hapa kwetu, kwenye barabara ya kwenda Kitui.

*

Ukitoka Machakos kuelekea Kitui unapita Wamunyu. Kwa wengi ni mahali gari linapopunguza mwendo na wauza matunda wanakimbilia madirisha. Lakini kama kuna twiga wa mbao sebuleni kwenu, au vile vijiko viwili vya saladi ambavyo mgeni wa shangazi alipewa zawadi na hakuna aliyewahi kuvitumia, kuna uwezekano mkubwa ukoo wao unaishia hapa.

Wakamba walichonga tangu zamani. Walichonga mizinga ya nyuki, miiko, vibweta vya tumbaku, na vigoda vya miguu mitatu ambavyo wazee walikalia, vingine vikiwa vimepambwa kwa nyaya nyembamba za chuma zilizopigiliwa ndani ya mbao kwa mizunguko. Hizi zilikuwa kazi za matumizi. Mtu alichonga kigoda kwa sababu kuna mzee anahitaji kukaa. Hakuna aliyechonga twiga. Twiga wa nini?

Halafu ikaja vita. Mwaka 1914 Waingereza na Wajerumani waliamua kupigana hadi huku kwetu, na vijana wa Ukambani, kama vijana wa kila pahali Afrika Mashariki, wakachukuliwa kwa maelfu, wengi wao kubeba mizigo. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi hicho cha wabebaji hadi leo. Kati ya waliochukuliwa Ukambani alikuwa mwanamume mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge.

Simulizi inayojulikana Wamunyu, na ambayo watafiti wameiandika pia, ni kwamba Munge alipokuwa Tanganyika alikutana na wachongaji, inasemekana Wazaramo wa pande za Dar es Salaam, waliokuwa wakichonga sanamu za watu na wanyama. Yeye tayari alikuwa na mkono wa kuchonga. Alitazama. Vita vilipokwisha mwaka 1918 alirudi Wamunyu na kile alichokiona, akaanza kuchonga sanamu kwa mbao za kwao, kwa tezo ya kwao, akiuza kwa Wazungu. Jamaa zake wakajifunza, kisha majirani, kisha kijiji kizima.

Nataka tusimame hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo wazo langu la kwanza lilipovunjika. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumwambia binamu yangu: "Shikilia mtindo wako, usiige mtu." Kumbe hata huyo baba wa uchongaji wetu aliiga! Alichukua kitu kutoka kwa watu wa pwani ya nchi nyingine, akakileta kwenye kijiji ambacho hakikuwahi kuwa nacho. Kama kuiga ni dhambi, basi Wamunyu nzima imejengwa juu ya dhambi.

Kwa hivyo tatizo haliko kwenye kuiga peke yake. Tufuate kilichotokea baadaye.

Vita Vikuu vya Pili vilileta wanajeshi wengi Kenya, watu wenye mshahara na hamu ya kupeleka kitu nyumbani. Baada yao wakaja watalii. Soko likawa kubwa, na soko lilijua linachotaka: twiga, tembo, faru, Mmaasai mwenye mkuki. Kufikia miaka ya 1950 kulikuwa na mamia ya wachongaji Wamunyu na vijiji jirani. Wengine walihamia Nairobi, wengine Mombasa, ambako mwaka 1963 walianzisha chama cha ushirika cha Akamba Handicraft kule Changamwe. Kufikia miaka ya 1990 makadirio ya watafiti yalikuwa kwamba wachongaji nchini wamefika 60,000 hivi. Watu 60,000 kutokana na mtu mmoja aliyerudi vitani!

Sitaki mtu adhani ninaidharau kazi hiyo. Twiga walisomesha watu. Twiga walijenga nyumba za mabati, walilipa mahari, walilipa hospitali. Mvua ikikosa, na huku kwetu mvua hukosa sana, mahindi hukauka shambani lakini twiga wa mbao hana habari na ukame. Mama yangu alimaliza shule kwa ada ya twiga. Mimi mwenyewe niko hapa kwa sababu hiyo.

Lakini fikiria namna kazi ilivyoendeshwa. Mnunuzi anakuja, anataka korija kumi za twiga, wote wawe sawa, wa kimo kimoja, shingo imepinda upande mmoja. Ukimletea twiga aliyelala, au twiga anayekojoa, au mama wa Kikamba mwenye kuni, anakisukuma kando: "Hiki hakiendi." Kwa hivyo kazi inagawanywa. Huyu anakata gogo, yule anatoa umbo, mwingine ni masikio na macho tu, vijana wanapiga msasa na kupaka kiwi ya viatu. Ukichonga twiga kwa miaka thelathini mkono wako unakuwa na kasi ya ajabu, unaweza kuchonga huku ukipiga stori na hata hutazami. Na bei inashuka, kwa sababu kama twiga wangu na wako ni sawasawa, mnunuzi ataenda kwa yule mwenye shida zaidi wiki hiyo. Daima kuna mwenye shida zaidi.

Miti nayo ikaisha. Mpingo hukua polepole mno, unahitaji miongo kadhaa kabla ya kufaa, na muhugu nao ukaanza kutafutwa mbali kwenye misitu ya watu wengine. Wachongaji wakahamia mwarobaini, mkaranda, mwembe. Mti ulibadilika, lakini twiga alibaki yule yule.

*

Sasa umau.

Umau alichonga twiga tangu ujana wake hadi macho yalipokataa. Nilipokuwa darasa la tano tulienda Nairobi pamoja naye, alikuwa anapelekwa kwa daktari wa macho, na tulipokuwa tunangoja muda tukaingia kwenye duka moja la vinyago katikati ya jiji. Kulikuwa na rafu nzima ya twiga. Umau akafurahi. Akaniambia kwa Kikamba, "Subiri nikuonyeshe wangu."

Akaanza kuwachukua mmoja mmoja. Anamwinua, anamsogeza karibu na jicho lililobaki zima, anapapasa shingo kwa kidole gumba, anamrudisha. Anachukua mwingine. Mwenye duka akaanza kutuangalia vibaya. Umau akaendelea, labda twiga ishirini, labda thelathini. Mimi nilichoka nikaanza kucheza na vifaru. Mwishowe akamrudisha wa mwisho mahali pake, akajifuta mikono kwenye suruali kana kwamba ina vumbi, akasema, "Twende, daktari anatungoja."

Hakuwa amempata. Na si kwamba hawakuwepo. Huenda nusu ya rafu ile ilikuwa yake. Hakuweza tu kuwatofautisha.

Alipofariki, nyumbani kwake hakukuwa na twiga hata mmoja. Kulikuwa na kigoda. Cha miguu mitatu, cha kizamani, na juu yake alikuwa amepigilia nyaya za shaba kama wazee wa zamani, lakini hakufuata mizunguko yao. Alikuwa ametengeneza umbo la mto, mto Athi kama unavyoonekana ukiwa umekauka, njia nyingi ndogo zinazoachana na kukutana. Alikitengeneza taratibu, jioni, baada ya kazi ya twiga. Watu walitaka kukinunua akakataa. Sasa kiko kwa mjomba, na ukiniletea vigoda mia moja gizani, nitakitambua kwa kukigusa.

Nilipomaliza kusimulia, muthokoi ilikuwa imepoa. Binamu yangu aliuliza swali moja tu: "Kwa hivyo angeacha twiga?"

Nikasema hapana. Asingeacha. Angekula nini?

*

Kuna hadithi nyingine inayofanana na hii, ya jirani zetu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 pande za Tunduru, kusini mwa Tanzania, akaja Dar es Salaam kutafuta riziki, akafanya vibarua vya hapa na pale. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za mafuta. Alichukua mbao laini za dari na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, akachora wanyama na ndege kwa namna ambayo hakuna aliyekuwa akichora, akaziuza Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku wakimdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Miaka minne! Lakini alikuwa amewafundisha ndugu na jamaa zake, akina Simon Mpata na January Linda, nao wakaendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakasajili ushirika wenye jina lake. Leo ukitembea Dar, Zanzibar, Arusha, hata Nairobi, utaona Tingatinga kila ukuta wa duka la watalii. Jina la mtu limekuwa jina la bidhaa, kama vile tunavyosema kiwi kwa dawa yoyote ya viatu.

Ukitazama vizuri, hata hivyo, kati ya hao waliomfuata wapo waliochukua rangi ile ile na ubao ule ule wakachora mambo yao: hospitali zilizojaa, mashetani, foleni ya daladala. Na wapo waliochora chui yule yule kwa miaka arobaini. Wote walianzia kwa mwalimu mmoja. Walichofanya baada ya kujifunza ndicho kilichowatenganisha.

Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, na ambaye maisha yake mengi yamekuwa Kenya, alikuwa mkali sana juu ya jambo hili. Yeye ndiye aliyechora kuta za kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo kule Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950, akamweka Yesu Mwafrika katikati ya milima na mashamba ya Wakikuyu, wakati ambapo karibu kila picha ya Yesu nchini ilikuwa ya Mzungu mwenye nywele za dhahabu. Mwaka 1965 alishiriki kuanzisha Paa ya Paa Nairobi, nyumba ya sanaa yenye jina linalocheza na maneno, paa mnyama na paa kuruka juu. Msemo wake maarufu pale ni onyo kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi.

Nimelifikiria sana onyo hilo. Je, Munge alimlaza Mungu? Sidhani. Munge alichukua kitu kigeni akakipitisha kwenye mkono wake na mbao za kwao. Nadhani usingizi uliingia baadaye, pale mtu alipoacha kumwiga mwenzake na kuanza kujiiga mwenyewe, twiga wa leo akiwa nakala ya twiga wa jana, kwa sababu wa jana alinunuliwa. Hilo linanitisha zaidi. Mtu anaweza kukataa kuiga dunia nzima na bado akajilaza mwenyewe.

*

Sasa wale wa kalamu, maana binamu yangu si mchongaji.

Kama ulikua kwenye nyumba inayonunua Taifa Leo, unamjua Juha Kalulu. Edward Gitau alianza kumchora miaka ya 1950, kabla ya Uhuru, na akamchora kwa zaidi ya nusu karne hadi uzeeni. Mistari michache, vichekesho vya Kiswahili cha mtaani, jamaa mjinga mwenye mipango inayomgeukia. Hakuna kivuli cha kupendeza wala mandhari ya kuvutia. Katika muda huo mitindo ilikuja na kupita. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, lenye michoro ya kisasa na ucheshi mkali wa Nairobi, likapendwa kweli kweli, na kufikia 1979 likawa limekufa. Kalulu bado alikuwa pale pale, anaanguka kwenye shimo alilochimba mwenyewe. Nilipokuwa mdogo nilidhani Gitau hajui kuchora vingine. Siku hizi nadhani alijua vizuri msomaji wake ni nani: mtu aliyesimama kwenye kibanda cha magazeti, mwenye dakika moja, anayetaka kucheka kabla ya matatu kuja.

Huku kwetu Ukambani tuna David Maillu, wa Kilungu, ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos. Watu wanamjua kwa vitabu, lakini kabla ya umaarufu alikuwa msanii wa michoro katika Sauti ya Kenya. Elimu yake kubwa alijisomea mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianzisha kampuni yake, Comb Books, akauza vitabu vidogo vya bei nafuu kuhusu walevi, makarani na wasichana wa ofisini, kwa lugha yao. Wasomi wa chuo kikuu walimcheka, Tanzania ikapiga marufuku baadhi ya vitabu vyake, na kampuni haikuumaliza muongo huo. Lakini vijana walivisoma hadi kurasa zikachomoka. Simtaji kwa sababu alishinda. Alipata hasara. Namtaja kwa sababu watu wakisema "shikilia mtindo wako" huwa hawasemi bili inakuja kwa nani.

Gado naye anajua habari ya bili. Godfrey Mwampembwa alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akaanza kusomea usanifu majengo Ardhi, kisha akaacha chuo (mnaelewa kwa nini nampenda) akaja Nairobi mwaka 1992 kuchora katika Daily Nation. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu chama kimoja kishike nchi. Kabla ya hapo, kuchora uso wa rais gazetini kwa mzaha ilikuwa kama kuomba kulala korokoroni. Gado na wenzake, akina Paul Kelemba tunayemwita Maddo, wakaisogeza ile mipaka wiki baada ya wiki. Uhuru Kenyatta na William Ruto walipokuwa na kesi The Hague, Gado aliwachora wakiwa na mnyororo na tufe la chuma mguuni, na tufe lile likawa kama kiungo cha mwili wao. Mwaka 2015 mchoro wake juu ya Rais Kikwete katika The EastAfrican ulileta mgogoro mkubwa na serikali ya Tanzania, na mwaka uliofuata ikajulikana kwamba mkataba wake na Nation haukuendelezwa. Alikwenda kuchora kwingine. Mkono ulikuwa ule ule.

Na juzi juzi tu, Kibet Bull. Wengi wenu mliisambaza michoro yake. Vivuli vyeusi tupu, bila uso, na bado kila Mkenya alijua ni nani. Fikiria mtindo uliokomaa kiasi kwamba unaweza kuondoa macho, pua na mdomo, na mtu bado anatambulika. Desemba 2024 alitekwa nyara. Tulishinda siku kadhaa tukiuliza yuko wapi. Aliachiliwa Januari 2025. Kulikuwa na maelfu ya picha za rais mtandaoni wakati ule, nyingi zimetengenezwa na kompyuta kwa sekunde tatu. Kivuli cha mtu mmoja kilisikika zaidi, kwa sababu kilikuwa na mwenyewe.

*

Nilimpa binamu yangu haya yote kwa vipande, kwa ujumbe wa sauti, kwa wiki nzima. Mwishowe akanijibu kwa ujumbe mfupi sana, bila jogoo: "Sawa. Lakini wewe je?"

Hapo akanishika.

Sijawaambia ninakula nini. Tangu niache chuo naandika insha za wanafunzi wa nchi za nje. Wao hulipa, mimi nasoma, naandika, wao wanaweka jina lao. Nimeandika juu ya uuguzi, juu ya Shakespeare, juu ya uchumi wa miji ambayo sitawahi kuiona. Kazi hii ina sheria moja: usisikike. Ukiandika sentensi nzuri kupita kiasi mteja anarudisha, eti mwalimu atashuku. Maneno yangu yana digrii tatu huko Uingereza na Marekani. Mimi sina hata moja. Na kama mtu angenipeleka kwenye rafu yenye insha hizo zote, kama umau na twiga wake, sijui ningetambua ipi.

Kwa hivyo sikuwa na haki ya kumhubiria mtu. Nikamwambia kile ninachoamini baada ya kusoma haya yote, nacho si kikubwa. Twiga si aibu. Chonga twiga kama kodi inadai, lakini ujue ni twiga, na usimalize siku bila kugusa kigoda. Na kabla ya kuchonga twiga, muulize mnunuzi angalau mara moja kama amewahi kuona kigoda. Labda hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Akafanya hivyo. Alichora ukurasa wa kwanza wa kile kitabu kwa mkono wake: msichana anayekwenda kisimani asubuhi, visigino vikubwa, mkanda kwenye paji, mbuzi mwenye madeni nyuma yake. Akautuma, akaandika kwa heshima kwamba hivi ndivyo anavyochora, na kwamba anaamini mtoto wa huku atajiona humo kuliko kwenye zile picha sita. Mteja akajibu, "Tutakujulisha."

Hajajulishwa hadi leo.

Mwisho wa mwezi ule mwenye nyumba alikuja na kufuli. Nilikuwa nimelipwa kwa insha mbili juu ya usimamizi wa wafanyakazi, nikatuma 11,000 kwa simu, deni likaisha. Nilipomwona baadaye, ule mchoro wa msichana wa kisimani ulikuwa umebandikwa ukutani kwake, juu ya kitanda. Nikausogelea. Kwenye ukingo wa mtungi wa yule msichana alikuwa amechora mapambo madogo sana, njia nyingi nyembamba zinazoachana na kukutana.

Insha hii hapa ndiyo ya kwanza mwaka huu kuiandika kwa jina langu.